Uraibu Uwe Mgeni, Usiwe Mwenye Nyumba

Ndugu msomaji, mfanyakazi akishamaliza zamu yake, akapanda basi, akafika nyumbani, akaoga na kula, hubakiwa na saa chache ambazo si za mwajiri, si za serikali, wala si za mwenye nyumba anayedai kodi. Saa hizo ni zake mwenyewe. Juu yake hakuna msimamizi wala daftari la mahudhurio, na yamkini ndiyo sababu zinazusha ugomvi mwingi majumbani kuliko saa za kazi. Leo nataka tuzungumze juu ya saa hizo, na juu ya mapenzi yanayozijaza, ambayo watu wengine huyaona kuwa upuuzi mtupu.

Kiswahili chetu kina neno uraibu. Wazee wetu walilitumia kwa tambuu, tumbaku na kahawa, vitu ambavyo mtu huvitamani kila siku ijapokuwa havimshibishi. Siku hizi wako wanaolitumia kwa mchezo au kazi ya mikono ambayo mtu huifanya kwa kujifurahisha, na wako wanaolitumia kwa ulevi wa dawa zinazoangamiza vijana. Neno ni moja, na sidhani kuwa lugha imekosea. Tofauti baina ya maana hizo mbili aghalabu haimo katika kitu chenyewe. Imo katika nafasi ambayo kitu hicho kimepewa nyumbani.

Chukua mathalani mapenzi ya watu wa Ulaya na Marekani kwa kitu kiitwacho rolakosta. Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, hiyo ni treni ndogo ya wazi inayovutwa kwa mnyororo mpaka kilele cha mlima wa mbao au wa chuma, kisha ikaachwa iporomoke kwa uzito wake yenyewe, ipande tena, ipinde, na mara nyingine igeuke juu chini, mpaka irudi ilikoanzia. Haimfikishi mtu popote. Abiria hulipa nauli, hupiga mayowe kwa dakika mbili, kisha hushuka mahali pale pale alipopandia. Hata hivyo wapo watu wazima, wenye kazi na familia, wanaosafiri nchi kwa nchi ili kuzipanda na kuziandika katika daftari, moja baada ya nyingine. Huko Marekani walianzisha chama chao mwaka 1978, na chama hicho kimepigania rolakosta kongwe zisibomolewe kama wengine wanavyopigania majumba ya kale.

Asili ya mchezo huo ni Urusi, ambako katika karne ya 17 na ya 18 watu walijenga milima ya mbao, wakaimwagia maji yakaganda kuwa barafu, wakateleza juu yake. Wafaransa waliuiga mchezo huo wakatia magurudumu, na mwaka 1817 mjini Paris walifungua mlima wao wa Belleville walioupa jina la Milima ya Kirusi. Lakini aliyeufanya kuwa starehe ya mtu wa kawaida ni Mmarekani LaMarcus Thompson, ambaye mali yake ilitokana na kutengeneza soksi. Mwaka 1884 alifungua reli yake ya kuporomoka huko Coney Island, New York, kwa nauli ya senti 5. Ilikwenda kama kilomita 10 tu kwa saa, mwendo ambao mwendesha baiskeli wa Kariakoo angeucheka, lakini watu walijipanga foleni. Inasimuliwa kuwa Thompson, aliyekuwa mcha Mungu, alitaka kuwapatia vijana mahali pengine pa kwenda mbali na vilabu vya pombe.

Basi tangu hapo kitu hiki kilikuwa cha wafanyakazi. Huko Uingereza, mji wa pwani wa Blackpool ulikuzwa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire. Kila mji wa viwanda ulikuwa na juma lake la mapumziko, ambapo mashine zote zilizimwa na watu wakapanda treni kwenda baharini. Kwa muda mrefu juma hilo halikuwa na mshahara, na familia zilichanga senti kwa senti mwaka mzima ili zipate siku chache za kuona bahari. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa nchini humo mwaka 1938. Anayedhani kuwa mapumziko ya mfanyakazi ni zawadi iliyoshuka kutoka mbinguni na aizingatie tarehe hiyo.

Mimi nilifika Blackpool miaka kadhaa iliyopita, nilipopata nafasi ya mafunzo ya majuma machache Uingereza. Nilipanda rolakosta ya mbao iitwayo Grand National, iliyojengwa mwaka 1935. Treni mbili huondoka pamoja, moja kushoto na moja kulia, zikashindana njia nzima huku abiria wakinyosheana mikono na kutambiana. Ajabu yake ni kwamba treni iliyoondoka upande mmoja hurudi upande mwingine. Reli zile zinazoonekana mbili kwa kweli ni reli moja ndefu iliyojizungusha mara mbili.

Aliyeketi karibu yangu alikuwa mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu. Tulipokuwa tukivutwa kupanda mlima wa kwanza nilisikia chini yetu sauti ya chuma, ta-ta-ta-ta, na nadhani rangi ya uso wangu ilinisaliti. Mzee akaniambia, "Usiiogope sauti hiyo, kijana. Hivyo ni vyuma vinavyojipachika katika meno ya reli, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Hiyo inayokutisha ndiyo inayokulinda."

Baadaye tuliketi kunywa chai, naye akanifundisha mambo ambayo sikuwa nimeyajua. Rolakosta za namna ile hazina injini ndani ya treni. Nguvu yote hupatikana katika mlima wa kwanza, na kwa kuwa hewa na msuguano wa magurudumu huila nguvu hiyo kidogo kidogo, hakuna mlima wa baadaye unaoweza kuwa mrefu kuupita ule wa kwanza. Magurudumu si yale ya juu tu. Yapo ya pembeni, na yapo ya chini yanayoikumbatia reli ili treni isiruke nje. Ufundi huo wa magurudumu ya chini ulisajiliwa na Mmarekani John Miller mwaka 1919. Hata ule mduara unaowageuza watu vichwa chini si mduara kamili. Mwishoni mwa karne ya 19 walijenga wa duara kamili, na abiria wakashuka wameshika shingo zao kwa maumivu. Ilipofunguliwa rolakosta ya Revolution huko California mwaka 1976, mduara wake ulikuwa na umbo la tone la maji, mwembamba juu na mpana chini, na shingo za watu zikasalimika.

Mzee yule alikuwa amepanda rolakosta zaidi ya 300. Alinionyesha daftari lake, lenye tarehe na majina kwa mwandiko safi kama wa karani. Kisha akaniambia jambo ambalo sikumwuliza. Mkewe aliogopa urefu. Kwa miaka 19 ya likizo zao, yeye alipanda na mkewe akaketi kwenye benchi, amemshikia koti. Mkewe alipenda bustani za maua, na mara moja moja alitaja bustani fulani ya kusini, naye humjibu kuwa wataiona mwakani. "Alipofariki," alisema, "ndipo nilipohesabu. Likizo zote zilikuwa zangu."

Sikuwa na la kumjibu. Ndugu msomaji, nimekutana na watu walionyanyaswa na pombe, na wengine na kamari, na sote tumezoea kuwaonya. Mzee yule hakunywa wala hakucheza kamari. Alikuwa mfanyakazi mwaminifu, aliyeleta mshahara wake nyumbani, na starehe yake ilikuwa halali kabisa. Hata hivyo ilikula kitu ambacho hakikuwa chake peke yake, na hakuna aliyeona, kwa sababu ilikula polepole na kwa adabu.

Baada ya msiba hakupanda rolakosta kwa miaka 2. Mwanawe, fundi wa kompyuta katika mji mwingine, alikuwa hasemi naye sana tangu mazishi. Lililowakutanisha tena lilikuwa mchezo wa kompyuta, na mchezo huo una hadithi yake.

Mwaka 1999 Mskoti mmoja, Chris Sawyer, alitoa mchezo uitwao RollerCoaster Tycoon. Sawyer alikuwa amekwisha kupata jina mwaka 1994 kwa mchezo wa usafirishaji, kisha akayapenda mno marolakosta, akazunguka kuyapanda, na mapenzi hayo akayageuza kuwa kazi. Karibu programu yote, kiasi cha asilimia 99, aliiandika peke yake, tena kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine yenyewe, ambayo kila amri yake hufanya jambo dogo sana. Ni kama mtu aliyejenga nyumba kwa kufinyanga kila tofali kwa mkono.

Katika mchezo huo hapigwi mtu risasi. Mchezaji hupewa kiwanja na mkopo wenye riba, naye hujenga bustani ya starehe. Lazima aajiri wafagiaji, walinzi na mafundi, awalipe, na ahakikishe mafundi wanakagua mitambo, kwa sababu breki zisizotunzwa huleta ajali. Akijenga rolakosta kali kupita kiasi, watu huikataa. Akijenga iliyopooza, hawaoni haja ya kulipa nauli. Mchezaji hujifunza, bila kuambiwa, kwamba furaha ya watu ina vipimo na gharama.

Miaka ilipita, kompyuta zikabadilika, na mchezo ule wa zamani ukaanza kushindwa kwenda vizuri katika mashine mpya. Ndipo mwaka 2014 ilipoanzishwa kazi ya OpenRCT2. Watu waliopenda mchezo wa pili wa Sawyer, ule wa mwaka 2002, walianza kuuandika upya katika lugha ya kompyuta ya kisasa, kipande kwa kipande, huku mchezo ukiendelea kuchezeka, kama mafundi wanaobadilisha mbao za jahazi moja moja nalo lingali majini. Mwenye kuutumia bado hana budi kuwa na mafaili ya mchezo wa asili, kwa hiyo jasho la mtunzi wa kwanza halikuporwa. Lakini maandishi ya programu mpya yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuwapa wengine.

Hiyo ndiyo inayoitwa programu huria. Chimbuko lake moja ni mashine ya kuchapa. Katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani, mtaalamu Richard Stallman alikuwa amerekebisha programu ya mashine ya zamani ili iwaarifu watu karatasi zinapokwama. Ilipoletwa mashine mpya, nayo ikawa inakwama, alinyimwa maandishi ya programu yake, na kwa hiyo hakuweza kufanya lolote. Mwaka 1983 alitangaza mpango wa kuunda programu ambazo mtumiaji wake hatafungwa mikono namna hiyo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kiini cha mfumo wa kompyuta alichokuwa akikiunda, akisema kuwa kwake ni jambo la kujifurahisha tu. Kiini hicho ndicho Linux. Kama simu iliyomo mfukoni mwako ni ya Android, basi uraibu wa mwanafunzi yule unatembea nawe kila siku.

Sisi wenyewe tumekwisha kuonja matunda yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa programu ya asili ilikuwa huria, na hakuna aliyelazimika kumpigia magoti mwenye kampuni ili lugha yetu ipewe kiti. Mtu aliyekulia Upareni au Usambara hatashangaa. Ataliita jambo hilo msaragambo: kila mtu huja na jembe lake, mfereji ukachimbwa, na maji yakawa ya wote.

Sasa turudi kwa dereva mstaafu. Mwanawe alimtumia programu ile, akamwonyesha kwamba watu wawili walio miji mbalimbali wanaweza kujenga bustani moja kwa wakati mmoja. Kila Jumapili usiku wakawa wanajenga pamoja. Mwanzoni walizungumza juu ya reli na milima tu. Baada ya miezi kadhaa wakaanza kuzungumza juu ya marehemu. Mzee aliniambia kuwa katika bustani yao hawajengi rolakosta mpaka kwanza wamepanda maua.

Habari hizi nilipozisimulia nyumbani, aliyezisikiliza kuliko wote alikuwa mpwa wangu, anayesomea ufundi wa mitambo. Dada yangu, mama yake, ni mshonaji katika kiwanda cha nguo, naye ni mjane. Kompyuta ya kijana huyo, kuukuu kama ilivyo, aliinunua kwa fedha za upatu alizozingojea kwa muda mrefu. Siku moja alinijia, uso umemkunjamana. "Mdogo wangu," alisema, "mimi nashona mpaka vidole vinakufa ganzi, na mpwa wako anakesha akijenga vitreni ambavyo havipo. Kama ni wizi niambie. Kama si wizi, niambie vile vile."

Nilikwenda nikaketi na kijana jioni mbili. Nilimwona akisumbuka na treni yake iliyoshindwa kuuvuka mlima wa tatu, akipima urefu wa wa kwanza, akipiga hesabu kwenye karatasi. Alifungua maandishi ya programu, akanionyesha mahali ambapo kompyuta hukadiria mwendo wa treni inapoteremka. "Mjomba," aliniambia, "mwalimu hutuandikia haya ubaoni kwa chaki, lakini hapa nayaona yakitembea." Kwa hakika hakuwa mvivu. Lakini niliona pia kuwa umeme wa LUKU uliokuwa ukitosha mwezi sasa haukutosha majuma matatu, na bando lilikuwa linanunuliwa kwa fedha ya mboga. Na Jumamosi, siku ya kuchota maji, aliyebeba ndoo alikuwa mama yake, baada ya zamu, kwa kuwa kijana alikuwa amelala baada ya kukesha.

Niliwaambia wote wawili niliyoyaona. Dada nilimwambia kuwa mwanawe hakuwa anapoteza wakati, bali anajifunza. Kijana nilimwambia kuwa anajifunza kwa mgongo wa mtu mwingine, na kwamba ujuzi wake hauwezi kuliondoa deni hilo. Tukaandika makubaliano: mchezo usiku mara mbili kwa juma, mwisho saa nne, bando lake alilipie mwenyewe kwa fedha za kutengeneza mafeni ya majirani, maji ya Jumamosi ni yake. La mwisho lilikuwa kwamba siku moja amkaribishe mama yake amwonyeshe anachokifanya, maana katika miezi yote hiyo hakuwa amefanya hivyo hata mara moja.

Dada aliketi mbele ya kioo kile, akatazama kwa muda watu wadogo wakizunguka bustanini, mafagio na spana mikononi. Kisha akauliza, "Na hawa mafundi wako, unawalipa kwa wakati?" Kijana akajibu kuwa mishahara hukatwa yenyewe, mchezaji hawezi kuichelewesha hata akitaka. "Basi," alisema dada, "aliyetunga mchezo huu ni mtu wa haki kuliko wengine ninaowajua." Tulicheka sote. Mambo bado hayajanyooka: yapo majuma ambayo saa nne inageuka kuwa saa sita, na ndoo ya Jumamosi bado inahitaji ukumbusho. Lakini dada haiti tena jambo lile wizi.

Ndugu msomaji, huenda uraibu wako si treni za kuporomoka. Huenda ni mpira, bao, taarabu, ufugaji wa njiwa, au kukusanya stempu. Sikushauri uuache. Mfanyakazi asiye na kitu akipendacho huwa chombo cha mwajiri wake hata akiwa kitandani. Nakushauri uuchunguze kwa maswali matatu mepesi. Ni nani anayeulipia? Je, walio nyumbani mwako wanaujua, au umewafungia mlango? Na swali la tatu, ambalo nililipata kwa mzee wa Blackpool: wakati wewe unapanda na kushangilia, ni nani aliyeketi kwenye benchi amekushikia koti, na zamu yake itafika lini?